Mlinzi wa Mlango wa Yunisi

Jumatatu hiyo dirisha la malipo la hospitali lilikuwa halifanyi kazi tangu asubuhi. Foleni ilitoka nje ya mlango mkubwa, ikakata kona ya maabara na kuishia kwenye maegesho ya pikipiki. Wagonjwa walikuwa wamechoka, na waliowasindikiza walikuwa wamechoka zaidi. Karani aliyekaa nyuma ya kioo alikuwa na jibu moja kwa kila mtu.

"Mtandao uko chini."

"Uko chini wapi, tukauokote?" alifoka kijana mrefu aliyevaa shati la drafti na viatu vyenye madoa ya oili. "Shangazi yangu ana presha, ametoka Iguguno hajanywa hata chai, wewe unamwambia mtandao uko chini!"

Mlango wa pembeni ukafunguka kwa kishindo. Akatoka msichana mwenye blauzi nyeupe, sketi ya kitenge cha bluu na raba, waya umemning'inia begani, jasho linamtoka. Huyo ndiye Yunisi. Yeye ndiye aliyesimamia kompyuta zote za hospitali ile, na jibu la karani lilikuwa limemkera kuliko hitilafu yenyewe.

"Mtandao hauna kosa," alisema kwa ukali. "Seva imejaa. Diski mpya nimeiomba tangu mwaka jana. Naisafisha, subirini kidogo."

"Kwa hiyo wa kulaumiwa ni wewe?" kijana akamgeukia.

"Wa kulaumiwa ni aliyeninyima diski. Mimi ni wa kushukuriwa. Nipishe nipite."

Watu waliokuwa wamenuna wakacheka. Yunisi alipopita karibu na benchi alimwona mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga kiunoni na kitambaa kichwani, ameshika kadi yake ya kliniki. Hasira au si hasira, alisimama akakunja magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi zimekuzidi?"

"Zimenizidi, mama. Pole kwa kusubiri."

Mama huyo, Raheli kwa jina, alimtazama mpaka akapotea nyuma ya mlango. Kisha akamwambia yule kijana mrefu, mtoto wa kaka yake, kwamba msichana huyo ana moto lakini ana adabu. Kijana naye alikuwa ameshaona vyote viwili.

Kesho yake alirudi peke yake, shati limepigwa pasi.

"Nimekuja kuangalia kama mtandao umesimama."

"Umesimama. Na wewe umesimama njiani."

"Naitwa Melkizedeki."

"Jina refu kuliko foleni ya jana."

"Basi niite Melki. Ila nikikosea uliite lote, nijue nimekosea."

Yunisi alitaka kununa akashindwa. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa kufokeana mbele ya wagonjwa.

Melki alikuwa na duka la spea za pikipiki karibu na soko. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, na shangazi Raheli ndiye aliyemlea kule Iguguno kwa alizeti na mahindi, akamsomesha na kumfungulia duka. Kwa hiyo mbele ya shangazi, mwanaume yule aliyeweza kuitikisa hospitali nzima kwa sauti alikuwa mpole kupita kiasi. Yunisi aliliona hilo mapema akalipenda. Alisema moyoni kwamba anayemheshimu aliyemlea atamheshimu na mke.

Jioni za Jumapili walikaa juu ya mawe makubwa kando ya ziwa Singidani na kuku wa kuchoma kwenye karatasi, Yunisi akisimulia na Melki akitania.

"Si ulimaliza chuo, Yuni wangu? Cheti cha nini tena?"

"Diploma inasema nilisoma. Hivi vyeti vinasema ninaweza. Cha msingi ninacho. Sasa natafuta cha usimamizi wa mifumo ya Linux, ile inayoendesha seva. Juu yake kuna cha uhandisi, halafu cha usalama. Na vyote vinakwisha muda, unarudia."

"Kama leseni yangu."

"Leseni yako uliisomea? Huku hakuna kuchagua a, b, c. Wanakupa mashine mbovu wanakwambia itengeneze, tukiwa tunakutazama."

"Wanakutazamia wapi?"

"Kwenye kamera. Zamani ilikuwa lazima uende Dar. Siku hizi unafanyia chumbani kwako, lakini uwe peke yako. Hakuna simu, hakuna kuongea, hakuna kugeuka. Akionekana mtu, wanafunga mtihani."

"Wivu huo," Melki alisema, naye akapigwa na mfupa wa kuku.

Yunisi alicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mkuu wa kitengo cha kompyuta alikuwa amestaafu, na kazi yote ilikuwa imemwangukia yeye bila cheo. Bwana Gasto, katibu wa hospitali, alikuwa amemwambia wazi: cheti hicho kikiwa mezani Bodi itakapokaa, ukuu ni wake. Kisipokuwepo, wataleta mtu kutoka Dodoma, na Yunisi atamfundisha mtu huyo kazi halafu amwite bosi. Alisoma alfajiri kabla ya kazi na wakati wa chakula cha mchana, na mwisho akajiandikisha.

Chumba alichopanga Utemini hakikuwa na komeo la ndani. Nyumba nyingi za pale ziko hivyo: mwenye chumba akitoka anapiga kufuli kwa nje, na akiwemo mlango unarudishwa tu, maana kujifungia mchana ni kuwatukana majirani. Ndiyo maana siku ya mtihani Yunisi alimwomba Melki aje. Alikuwa ameshabandua kalenda ukutani na kuondoa kila kitu mezani isipokuwa laptopu.

"Kazi yako ni moja," alimwambia mlangoni. "Kaa hapa. Asiingie mtu. Hata akija askofu."

"Hata akija askofu," Melki aliapa, mkono kifuani. "Nenda kawaonyeshe, mama."

Mtihani ulianza vizuri. Msimamizi asiyeonekana alimwandikia kwenye skrini azungushe kamera, aonyeshe uvungu wa kitanda, akunje mikono ya blauzi. Kisha mashine mbovu zikaja kwenye skrini, na Yunisi akazishika moja moja. Alikuwa ameshapita nusu, na alikuwa anaanza kuamini, aliposikia sauti nje.

"Hodi hapa!"

"Shangazi! Shikamoo. Umefika sasa hivi?"

"Marahaba. Nimeshuka na basi la asubuhi. Nimemletea mkwe mafuta ya alizeti, mapya kabisa. Mwenyewe yupo?"

Hapo kikapita kimya. Yunisi aliomba Mungu kwa moyo wote, macho yakiwa kwenye skrini. Sema ana kazi. Sema asubiri. Sema nimetoka, sema nimekufa, sema chochote.

"Yumo ndani, shangazi," Melki alijibu.

Na mwoga yule akainama kwenye pikipiki yake akaanza kukaza nati ambazo hazikuwa zimelegea, spana inagonga chuma, huku mwanamke aliyemlea akisukuma mlango.

Raheli aliingia na galoni lake, uso umejaa furaha. Akasimama katikati ya chumba akingoja. Kwetu mtu mzima haombi shikamoo. Anasimama, na shikamoo inakuja. Haikuja. Yunisi alikuwa ameukaza mgongo, vidole viko juu ya kibodi, shingo inamuuma kwa kutogeuka. Akifungua mdomo atahesabiwa anaambiwa majibu. Akigeuka atahesabiwa anatazama karatasi. Machozi yalimlenga, nayo pia hakuthubutu kuyafuta.

"Yunisi," mama wa watu aliita.

Kimya.

"Binti, nimekuja nyumbani kwako."

Kimya tena. Kisha akasikia galoni likinyanyuliwa na ndala zikitoka taratibu. Alivuta pumzi, akasema moyoni nitampigia magoti leo hii hii, nitamweleza. Hapo skrini ikabadilika. Mtihani umefungwa, iliandikwa. Mtu mwingine ameonekana chumbani.

Kumbe kosa lilikuwa limeshatimia tangu mlango uliposukumwa. Amemnyima mtu mzima salamu bure, na mtihani umekwenda vilevile. Yunisi aliruka akatoka nje. Hakukuta pikipiki, hakumkuta Melki wala shangazi. Palibaki kigoda kitupu alichokuwa amemwekea Melki. Alikipiga teke kikagonga ukuta.

Simu iliita jioni.

"Yunisi, umemfanyia nini shangazi yangu?"

"Rudia hilo swali."

"Analia! Nimemfikisha stendi analia, amefika Iguguno analia. Anasema tangu azaliwe hajadharauliwa na mtoto namna ile."

"Ulimwambia nilikuwa nafanya nini?"

Melki akakohoa.

"Nakuuliza, ulimwambia?"

"Ungesema tu shikamoo, Yuni. Neno moja. Lingekuua?"

"Na wewe ungesema tu subiri! Neno moja! Lingekuua?"

"Yule ni shangazi. Amenilea. Nimwambie asimame nje kama muuza karanga?"

"Kulikuwa na kigoda, kulikuwa na kivuli, na ulikuwa na mdomo! Nilikupa kazi moja, Melkizedeki!"

Alipolitaja jina lote Melki alijua. Sauti ikashuka.

"Mpenzi, tusifike huko. Mtihani si unarudiwa?"

"Mtihani unarudiwa. Wewe hurudiwi."

Akakata simu na kuifungia namba ile. Halafu akakaa kitandani akalia kwa hasira, kilio kibaya kisichompa mtu nafuu.

Kama mambo yangeishia hapo pengine angesahau. Hayakuishia hapo. Raheli hakuwa mtu wa kuficha kidonda chake, na Iguguno si mbali na masikio ya watu. Habari ilitembea kanisani na sokoni, ikapanda basi, ikafika Misigiri kwa wazazi wa Yunisi. Mama yake akapiga simu, sauti imemkauka.

"Mwanangu, ni kweli umemnyima mtu mzima salamu?"

"Mama, nilikuwa kwenye mtihani. Kulikuwa na kamera."

"Kamera ndiyo inakataza watu kuamkiana?"

"Ndiyo, mama."

"Yunisi! Baba yako hali chakula. Anauliza kama tulikulea sisi au ulijilea."

Yaliyotokea yalikuwa hayaelezeki kwa simu, na kila alipoyaeleza yalizidi kufanana na uongo. Mtu pekee ambaye angeyamaliza kwa sentensi moja alikuwa Melki, na sentensi hiyo ilitakiwa isemwe kwa shangazi yake. Badala yake alikuwa anamtuma jirani wa Yunisi, Pendo fundi cherehani, na salamu. Mara kuku mzima amefungwa miguu, mara kitenge cha wax, mara ujumbe kwamba hali wala halali.

"Mwambie sitaki kuku," Yunisi alimjibu Pendo. "Mwambie aende Iguguno akaseme alichofanya. Hilo tu. Hata kwangu asije, akaseme tu."

"Anasema anaogopa kumvunja moyo shangazi."

"Wangu anauvunja kila siku, mbona haogopi?"

Pendo alibaki na kuku. Mimi ninayesimulia simlaumu Yunisi hata kidogo. Wako wanaume wengi wa aina ya Melki, wema, wakarimu, wanaolia kwenye misiba, na wanamwacha mwanamke abebe lawama kwa sababu tu kusema ukweli mbele ya wakubwa kunawatia haya. Halafu haya hiyo tunaiita malezi bora.

Bahati moja ilimwangukia Yunisi: kikao cha Bodi kiliahirishwa. Bwana Gasto alimwita ofisini akamwambia nafasi iliyobaki ni hii tu. Yunisi akajiandikisha tena. Safari hii mlinzi alikuwa Pendo, na mlango Yunisi aliuegemezea stuli kwa ndani, ingawa stuli isingemzuia mtu.

Alikuwa amemaliza mashine ya kwanza aliposikia Pendo akizungumza kwa sauti ya chini na mtu nje. Mteja wake alikuwa anataka nguo ya kipaimara, amekuja kwa ukali. Kisha akasikia sauti nyingine, ile aliyokuwa ameifungia kwenye simu.

"Nenda tu, dada Pendo. Nitakaa mimi."

Damu ilimpanda Yunisi mpaka masikioni. Huyu tena! Angesimama, angemfukuza mpaka barabara ya lami. Lakini kamera ilikuwa inamtazama usoni, na hakuna jambo baya kama kuwa na hasira usiyoruhusiwa kuisogeza hata kwenye nyusi. Akaendelea kuandika amri zake, akibonyeza kibodi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Mwisho akazoea hata kukohoa kwa Melki kule nje. Akatengeneza mashine ya pili, akaingia ya tatu, hiyo ngumu, isiyotaka hata kuwaka. Hapo ndala zikasikika uani, na Yunisi akazitambua.

"Kumbe ni kweli," alisema shangazi Raheli. "Nimetoka kliniki, nimepita dukani, naambiwa uko huku. Unamlinda mtu aliyeninyima salamu?"

"Shikamoo shangazi."

"Usiniamkie. Nipishe. Leo ataniangalia usoni aniambie nilimkosea nini."

Vidole vya Yunisi vilisimama juu ya kibodi. Kimya kilichofuata alikuwa anakijua. Alikuwa amekisikia siku ile, na alijua kinavyoishia. Akangoja yale maneno, yumo ndani, na spana.

"Hapana, shangazi."

"Unasema?"

"Huingii."

"Melkizedeki! Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Yuko kwenye mtihani wa kazi yake. Wanamtazama kwa kamera, haruhusiwi kuongea wala kugeuka, na akionekana mtu unafungwa. Siku ile ulipoingia ulifungwa. Hakukunyima salamu, shangazi. Alikuwa amezibwa mdomo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Alinikalisha hapa hapa nizuie watu. Nikaona aibu kukuambia usubiri. Halafu nikaona aibu kusema kwamba niliona aibu, nikakuacha umchukie. Mwenye kosa ni mimi, si yeye."

Kikasikika kishindo cha mkoba ukitua juu ya mtu. Papo hapo maandishi yakatokea kwenye skrini: Nasikia sauti. Uko peke yako? Yunisi akajibu kwamba yuko peke yake, watu wako nje. Akaamriwa azungushe kamera. Akazungusha, ukutani, uvunguni, mlangoni kwenye stuli. Endelea, skrini iliandika.

Nje shangazi alikuwa ameshusha sauti, lakini hasira haikushuka hata chembe.

"Ulidhani mimi siwezi kuambiwa subiri?" alinong'ona kwa ukali. "Nimesubiri mvua miaka ya njaa. Nimekusubiri wewe ukue. Nishindwe kusubiri mtihani? Umenitia mdomoni mtoto wa watu nimseme kanisani, mbele ya kwaya! Lete hicho kigoda. Na ukae kimya, usije ukamharibia tena."

Yunisi aliuma mdomo wa chini mpaka ukauma kweli. Hakujua ni kicheko au kilio kilichokuwa kinataka kutoka, na vyote vilikuwa marufuku. Akairudia ile mashine ngumu. Akapata faili lililoharibika, akalirekebisha, akaiwasha upya. Iliwaka. Huduma zake zote zikaanza kufanya kazi moja baada ya nyingine. Majibu rasmi yangekuja kwa barua pepe, lakini fundi anajua kazi yake ilipopona. Akamaliza mtihani, akavuta stuli, akafungua mlango.

Shangazi Raheli alikuwa amekaa kivulini, mkoba mapajani. Melki alikuwa amesimama juani na shati lililolowa mgongoni, sikio moja limekuwa jekundu.

Yunisi akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, bila kujali sketi yake nzuri ya mtihani.

"Shikamoo shangazi."

Raheli alimshika bega kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Ya leo na ya siku ile. Kanisani nitasimama mwenyewe niseme, na kwa wazazi wako nitakwenda. Huyu je, tumfanye nini?"

"Niachie mimi."

Akainuka, akajipangusa magoti, akamkabili Melki. Alikuwa amepungua, macho yamemwingia ndani. Yunisi aliona, na alichukia kwamba aliona.

"Yuni wangu, nisamehe."

"Sijakusamehe. Nina hasira na wewe mpaka mikono inawasha. Mama yangu amelia kwa ajili yako. Baba yangu amesusa chakula. Ungeyasema haya siku ile ile, mwanaume wewe, siku ile ile!"

"Najua. Basi niondoke?"

"Nani amekuambia uondoke? Unafika mwisho wa kazi ndiyo unataka kukimbia?"

Melki akasimama vilevile, hajui aweke wapi mikono.

"Jumamosi mtakwenda Misigiri kwa baba," Yunisi alisema. "Wewe na shangazi. Mtapeleka posa, na shangazi ndiye atakayeongea."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Wewe utakaa kimya. Hiyo kazi unaiweza."